Tao la Migomba kwenye Lango la Kanisa

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimeona harusi ambayo bwana arusi hakutokea, bibi arusi akaolewa na mdogo wa huyo bwana alasiri hiyo hiyo, na mimi niko juu ya ngazi nashika maua. Nimeona jeneza likipelekwa kanisa ambalo si lake, watu wakalia vizuri kabisa mpaka mwisho, ndipo wakaanza kuulizana marehemu ni wa nani. Nimeona mkubwa wa serikali akihutubia huku jukwaa linazama polepole kwenye matope, naye anaendelea kuhutubia. Mjenga matao hufika kabla ya watu wote na huondoka baada ya watu wote. Aone nini tena?

Vijana, ninyi mnaofunga karatasi za rangi na mabaluni mlangoni halafu mnadai pesa kumshinda mchungaji, nataka mjue kazi hii ilikuwa nini. Jina langu ni Kirimi wa M'Itonga. Shule niliiona mpaka darasa la pili, karo ikanitoa, na sikuilaumu, kwa sababu waliobaki darasani ndio walikuja kunitafuta walipotaka kuoa. Nimeacha kazi mwaka huu. Si uzee, mimi bado ni mtu wa makamo, ni mgongo tu umegoma. Nyumba yangu ni ya mawe, na kila jiwe limetoka kwenye migomba.

Aliyenifundisha ni Mzee Athmani, Mwislamu wa Majengo hapa Meru mjini. Alifika kutoka pwani akiwa kijana, pamoja na wafanyabiashara, akaoa hapa, hakurudi. Kwao siku za Maulidi walijenga matao ya makuti. Huku kwetu hakuna mnazi hata mmoja, basi akatazama huku na huku akaona mgomba. Maulidi ya Meru yakawa ya migomba. Wakristo wakaona, wakapenda, wakamwita kwenye harusi zao. Hivyo ndivyo tao la msikitini liliingia kanisani, na hakuna mchungaji aliyeuliza.

Sasa sikilizeni, hii nawapa bure. Mgomba uliokwisha kubeba mkungu usiutumie, umechoka, utainama kabla ya wimbo wa kwanza. Chukua ambao haujazaa, unene wa paja la mwanamume. Ukate jioni, ufunge kitako chake kwa gunia bichi. Utomvu usiguse nguo ya mtu, hauna sabuni. Na msumari weka mbali kabisa. Mgomba ni maji yaliyosimama. Ukiupiga msumari, baada ya saa moja msumari uko ndani ya uji. Sisi tulitumia vigingi vya mwanzi vilivyochongwa. Kati ya vigingi vyote kimoja ndicho mkubwa wao, kile cha juu kinachofunga migomba ya pande mbili pale vichwa vinapokutana. Mzee Athmani alikiita ufunguo. Ukiutoa ufunguo, tao lote linalala chini kama mtu aliyeletewa habari mbaya.

Habari ya msumari nilijifunza Embu, kwenye harusi ya karani mmoja. Nilikuwa kijana mwenye jeuri, nikaona mzee amepitwa na wakati, nikapiga misumari ya inchi nne kama napigilia paa. Maharusi walipokaribia, tao lilimwangukia shangazi wa bwana arusi, mama mnene mwenye kofia ya manyoya. Akatoka chini ya majani akasema, "Sijafa mimi, endeleeni kuimba." Mzee Athmani hakunigombeza. Njiani akasema tu, "Kirimi, msumari wako u hodari sana." Maneno hayo aliyarudia miaka yote, hata mbele ya wateja.

Basi ikaja Hali ya Hatari, sisi tukiita Emajensi. Kwa mjenga matao ulikuwa ukame. Mkutano wa watu bila kibali, hakuna. Ngoma, hakuna. Saa ya kafyu ikifika kila mtu yuko ndani. Sisi Wameru, Waembu na Wakikuyu tulitembea na pasi mfukoni, kitabu kidogo cha kukuruhusu kuwa mahali ulipo, na askari akikinyakua na kukichana wewe si mtu tena, unarudishwa kijijini au unapelekwa mbali. Wenzetu wengine walikuwa msituni wakipigania ardhi. Wengine wengi walikuwa wamekula kiapo kwa siri, na serikali ilimtafuta kila aliyekila. Mtu alipelekwa kambini kuhojiwa, tukiita skrini, akasimamishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa, umekwisha.

Mimi kiapo sikula. Si kwa ujasiri wala si kwa woga. Hakuna aliyeniita. Nilikuwa nikilala Majengo nyumbani kwa Mzee Athmani, katikati ya Waislamu, na watu wangu walikuwa hawajui mimi ni wa wapi hasa. Kwa hiyo kile wanachokifanya huko gizani sikukijua, na sikuuliza. Kuuliza kwenyewe kulikuwa kosa.

Ndipo Mwalimu Jeremia akaja kunitafuta. Huyu alikuwa mwalimu wa dini katika kanisa la misheni, mtu mwembamba, koti moja, mwenye kuheshimiwa hata na Waislamu kwa sababu alikuwa hadanganyi. Kanisa lao lilikuwa limepata mabati mapya baada ya kuchanga miaka na miaka, na askofu mzungu angekuja Jumapili kulifungua, pamoja na Di-O, ofisa mzungu wa serikali wa sehemu yetu. Kibali cha mkutano kimeshatolewa.

"Tunataka tao la mbao, Kirimi," akasema. "Lenye maandishi."

"Mbao nitatoa wapi, mwalimu? Msitu umefungwa. Ukionekana na shoka kule unapigwa risasi, ndipo wakuulize."

"Basi?"

"Basi wewe niachie mimi. Nitakujengea tao ambalo askofu atalisimulia kwao Ulaya."

Hakuniuliza litakuwa la nini. Na mimi sikumwambia, kwa sababu fundi mzuri hasemi, anaonyesha.

Ulikuwa wakati wa kiangazi, migomba ya mjini ilikuwa imekauka kama karatasi. Nikapanda lori la Salimu, mchukuzi wa Majengo, tukateremka mpaka Kanyakine, nikachagua migomba mmoja mmoja kwenye bonde la maji. Nikaongeza miwa mirefu ya kupamba juu, na majani ya nduma mapana kama masinia. Nilikuwa sijapata kazi siku nyingi, mikono ilikuwa inaniwasha. Kwenye kizuizi cha barabara askari mmoja wa kutoka mbali, si wa huku kwetu, akauliza, "Hii shamba yote mnapeleka wapi?" Nikasema kanisani. Akacheka, akavunja muwa mmoja, akatupungia mkono tupite.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Jamani, lile tao! Nimejenga mengi, hata mashehe na machifu wamepita chini yangu, lakini lile lilikuwa mfalme wao. Nguzo mbili mbili kila upande, vichwa vimeinama vikasalimiana juu, miwa imepinda katikati, majani ya nduma yameshuka kando kama masikio ya tembo. Nikaupiga ufunguo mahali pake nikashuka nikarudi nyuma kulitazama.

Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kufagia uwanja, wanaimba. Walipofika langoni wimbo ukakatika. Haukuisha, ulikatika. Wakasimama. Mmoja akainamisha kichwa, akazunguka kwa kando, akapenya kwenye mwanya wa ua wa miti, na wengine wote wakamfuata na fagio zao, wakichanwa na miiba, wakati lango limefunguka pana mbele yao.

"Akina mama, lango liko hapa!" nikaita.

"Tumeona," akajibu mmoja bila kugeuka.

Nikasema moyoni, wivu. Kumbe kuna mtu kawaambia nalipwa vizuri.

Akaja fundi wa mabati, akatazama, akakumbuka amesahau nyundo nyumbani. Wakaja wazee wawili wa kamati. Nikawasalimu, "Muga, wazee." Wakanijibu wakitazama viatu vyao. Mmoja akasema, "Kirimi, hii ni kazi... ni kazi kubwa." Mwenzake akasema, "Kubwa sana." Wakaondoka kila mmoja njia yake, kama watu wasiojuana.

Kwetu mjenga matao ana desturi. Tao likikamilika, anamwomba mtu anayeheshimiwa apite wa kwanza, alibariki. Mwalimu Jeremia alipofika nikamwambia, "Haya, mwalimu, pita. Heshima ni yako."

Rangi ya uso wake ilibadilika. Alikuwa ameshika Biblia, na niliona vidole vyake vinaibana.

"Ni zuri," akasema.

"Basi pita."

"Nitapita kesho."

"Kesho kuna watu, mwalimu. Leo ndiyo baraka."

"Kirimi," akasema polepole, "huna namna nyingine ya kulipanga? Pengine miti iwe imesimama tu, huku na huku, isikutane?"

"Isikutane? Sasa hilo litakuwa tao gani? Litakuwa shamba."

Macho yake yaliruka nyuma ya bega langu. Nikageuka. Alikuwa anakuja Kamanda M'Arimi, mkuu wa Homgadi wa sehemu ile, na vijana wake wawili wenye mikuki. Homgadi walikuwa watu wetu wenyewe waliosimama upande wa serikali, na huyu alikuwa ameshapeleka wengi skrini, wengine kwa sababu ya mpaka wa shamba tu.

Akalizunguka tao mara kadhaa. Akagusa jani la nduma. Akatabasamu kama mtu aliyeokota pesa.

"Fundi ni nani?"

"Mimi hapa!" nikasema, kifua mbele.

"Wewe. Umefanya vizuri sana. Usiliguse tena. Liko sawasawa hivyo hivyo." Akawaambia vijana wake, "Ninyi mtalinda hapa mpaka kesho. Asiondoe mtu hata jani moja. Nataka Bwana Di-O alione kwa macho yake."

Nikamgeukia Mwalimu Jeremia nimfurahie, lakini hakuwepo. Ameondoka, na mimi nikatembea kurudi Majengo nimejaa sifa kama gunia.

Mzee Athmani alikuwa amekwisha kulipitia akitoka sokoni. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, hajala.

"Kirimi," akasema, "wataka kutuua?"

"Mzee?"

"Nani kakwambia ulijenge hivyo? Miwa, na majani yale?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Mimi nilikufundisha wakati wa amani." Akanivuta karibu mpaka nikasikia harufu ya tambuu. "Yule mkalimani wa polisi hunywa kahawa hapa. Huongea. Mahali wanapokula kiapo wao hujenga tao. La migomba. Na miwa, na majani kama yale. Mtu hupita chini yake, akitokea upande wa pili amekuwa mmoja wao. Mwanangu, wewe umeliweka mlangoni mwa kanisa, na kesho waja Wazungu."

Nikakaa bila kukaribishwa. Sasa yote niliyaona kwa mpigo. Wale akina mama na ule mwanya wa miiba. Wazee na viatu vyao. Kila mmoja alikuwa amelitambua, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuniambia, kwa sababu angeniambia tu ningeuliza, na mtu yeyote aliye karibu angeuliza: wewe umejuaje? Yule anayejua ni yule aliyepita. Ndiyo maana mzee wangu, mtu wa pwani asiyebeba pasi, ndiye pekee mjini aliyeweza kutamka.

"Nikalibomoe," nikasema.

"Mbele ya mikuki? Ukilibomoa watakuuliza kwa nini."

"Nisilibomoe?"

"Di-O atalikuta. Atamkamata fundi, kisha mwalimu aliyemwita fundi, kisha kanisa zima." Akatema tambuu. "Mwalimu Jeremia watamchukua wa kwanza. Hajui kusema uongo yule."

Kafyu ikafika. Ule usiku sina la kuusema, ila asubuhi yake nilichukua ngazi yangu nikarudi kanisani.

Jumapili watu walikuja wengi, nguo safi, watoto wamepakwa mafuta. Wakajaa barabarani mbele ya lango na kubaki hapo hapo. Hakuna aliyeingia. Ule mwanya wa ua Kamanda alikuwa ameuzibisha kwa miiba. Waliokuwa nyuma waliwasukuma walio mbele, walio mbele wakajikaza, kwa hiyo umati wote ulikuwa unayumba mahali pamoja. Anayepita bila kusita, mbona hasiti? Anayekataa kupita, anajua nini? Mimi nilisimama kando nimeshika ngazi yangu, jasho linanitiririka mgongoni na jua halijapanda.

Kamanda M'Arimi alisimama chini ya kivuli akiwatazama watu usoni mmoja mmoja. Alikuwa anafurahi.

"Mbona hamuingii nyumbani kwa Mungu?" akasema kwa sauti. "Lango hamlioni? Mwalimu! Wewe ndiye mchungaji wa kondoo hawa. Tangulia."

Mwalimu Jeremia akatoka kwenye umati. Alilitazama tao, akatazama watu, na niliona midomo yake inaomba. Mke wake alishika mkia wa koti lake. Akauondoa ule mkono taratibu.

Hapo ndipo Mama Nkatha akasema. Huyu aliuza maziwa kwenye hoteli za mjini, mjane mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, na boma lake lilipakana na uwanja wa kanisa. Alikuwa na ng'ombe wawili ambao kiangazi kile walikuwa wamebaki mbavu.

"Kamanda," akasema, "si vizuri mwalimu amtangulie mkubwa. Wewe ndiye serikali hapa. Pita wewe kwanza, sisi tutafuata nyuma yako."

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke.

"Mimi niko kazini," Kamanda akasema.

"Hata kuingia kanisani ni kazi. Au kuna kitu unakiona hapo sisi hatukioni?"

"Nyamaza, mama!"

"Nimenyamaza. Nilikuwa naheshimu tu."

Uso wa Kamanda ulifura. Hakupita. Na watu wote waliona kwamba hakupita. Kwa mbali, kwenye mteremko wa daraja la Kathita, tukasikia landrova ya Di-O inapanda.

Nilimtafuta Mama Nkatha kwa macho, hayupo tena. Kisha nikasikia mlango wa zizi.

Vijana, ninyi mmekulia karibu na maduka hamjui ng'ombe mwenye njaa akinusa mgomba mbichi. Kwetu wakati wa kiangazi mgomba ndio nyasi. Wale ng'ombe hawakutembea, walikuja mbio, mikia juu, watu wakapasuka kulia na kushoto, akina mama wakipiga kelele, na Mama Nkatha nyuma yao na kijiti kidogo cha kuchokolea meno akilia, "Uuuui! Ng'ombe wangu wameingiwa na nini leo? Wazuieni jamani!" Hakuna aliyezuia. Wanaume wazima wenye fimbo walisimama kama wamepandwa. Ng'ombe wa kwanza akaing'ata nguzo ya kulia, wa pili akashika jani la nduma akalivuta. Wale vijana wa mikuki wakamtazama Kamanda. Amri walikuwa wamepewa ya watu. Ya ng'ombe hawakupewa.

Lakini tao halikuanguka. Nililijenga mimi, lingeangukaje? Walikuwa wanalila kutoka chini kama watu waliokaribishwa, na lile lilisimama tu, miwa inatikisika, na landrova iko kwenye kona ya mwisho.

Nikachukua ngazi. Nikapiga yowe mpaka nikajiogopa. "Kazi yangu! Kazi yangu wanaila! Toka, mnyama wewe!" Nikaegemeza ngazi, nikapanda, mkono mmoja unapiga hewa juu ya ng'ombe, mkono mwingine unatafuta kule juu. Nilikuwa nimeupigilia ule ufunguo kwa kiburi chote, ukakataa. Nikaushika kwa meno. Nawaambia kweli, kwa meno, utomvu ukanijaa mdomoni, nikauvuta nao ukatoka, na tao zima likashuka juu yangu, juu ya ngazi na juu ya ng'ombe.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwenye majani, na juu yangu kuna viatu vyeusi vya askofu.

Di-O aliteremka. Kijana, nywele nyekundu, Kiswahili chake cha amri.

"Nini hii?"

Kamanda akapiga saluti. "Effendi, hapa palikuwa na tao. La migomba. Baya sana, Effendi."

Di-O akatazama ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wanatafuna na kufumba macho. Hapakuwa na tao, palikuwa na chakula.

"Wewe aliona hii tao lini?"

"Jana, Effendi. Jana mchana."

"Jana." Di-O akamgeukia taratibu. "Jana aliona tao baya sana, na hapana leta habari? Leo iko askofu hapa. Wewe alitaka askofu apite chini?"

Kamanda akashusha mkono wa saluti. "Nilidhani... ni la kanisa, Effendi."

"Kumbe la kanisa."

"Ndiyo, Effendi. Ila hawa ng'ombe, Effendi, wamezurura mjini. Ni kosa."

Di-O akanyoosha mkono kwangu. "Pasi."

Nikampa. Akaifungua akaishika kwa vidole viwili, kama mtu anayetaka kuichana, na mimi nikaona maisha yangu yote yako katikati ya vile vidole. Nyuma yake Mwalimu Jeremia alikuwa amesimama bila kupumua.

"Fundi, wewe nani alifundisha kujenga hii?"

"Mzee wa Kiislamu, Bwana, toka zamani. Mimi ni bingwa wa matao kutoka hapa mpaka Embu." Mdomo wangu ulikuwa unakwenda wenyewe, na utomvu unaning'inia. "Maulidi najenga mimi. Harusi zote najenga mimi. Hata Bwana Disii aliyepita, mkuu wa wilaya nzima, siku ya kufika kwake, kabla ya Emajensi, nilimjengea ya migomba hivi hivi mbele ya ofisi yenu, na alipita chini yake yeye na mama yake watoto na mbwa wao, wakapigwa picha. Mpaka leo picha iko ukutani."

Askofu, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuwa ameinama anapapasa shingo ya ng'ombe. Akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "Miaka arobaini Wakristo wamenikaribisha kwa migomba. Leo ni mara ya kwanza wenye nyumba wamekula kabla sijafika." Akaruka gogo la mgomba, akaingia uwanjani. Watu wakamfuata kwa kishindo, wakicheka kile kicheko cha mtu aliyeponea, wengine wanalia. Wimbo ukaanza.

Di-O akabaki na pasi yangu. Akaitazama picha yangu ndani yake, akanitazama. Kisha akanirudishia, akasema kitu kwa Kiingereza ambacho mpaka leo sikijui, na ni sawa tu.

Mwalimu Jeremia alipita karibu yangu. Alisimama, akanitoa jani kwenye nywele, akaenda zake madhabahuni. Kama alilitambua tao lile kwa kusikia au kwa kulipitia, sikumwuliza siku ile wala siku nyingine yoyote, na alizikwa kwa heshima zote, tao la kaburi lake nimelijenga mwenyewe. Vijana mnaopenda kuwauliza wazee wenu walikuwa upande gani wakati ule, mimi nawaambia muwe na taratibu. Kuna maswali ambayo watu walichanwa na miiba ili wasiyajibu.

Kamanda, kwa kuwa alihitaji kumshika mtu, alimshika Mama Nkatha kwa ng'ombe wa kuzurura. Faini. Jumatatu nilikwenda ofisini kumlipia. Karani akauliza, "Ng'ombe ni wako?"

"Si wangu."

"Mama huyu ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Sasa unalipia nini?"

"Andika stakabadhi," nikamwambia.

Kamati ya kanisa nayo ilikutana. Ikaamua, na Mwalimu Jeremia ndiye aliyenisomea akitazama chini, kwamba kanisa haliwezi kulipia tao ambalo hakuna mtu aliyepita chini yake. Nikasema ni haki. Salimu alidai nauli ya lori lake yote, mwenye shamba wa Kanyakine akadai migomba yake, na ngazi yangu ilikuwa imevunjika katikati. Pamoja na ile faini ya ng'ombe wawili, Jumapili ile ilinigharimu shilingi themanini na saba na senti hamsini.